Kifungu nakielewa, mbona alama za ufahamu hazipandi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msichana wa kidato cha nne katika shule ya kutwa huku Makueni. Kiswahili nakipenda na insha huwa nafanya vizuri, lakini katika karatasi ya pili ufahamu unaniangusha. Nasoma kifungu mara tatu, nakielewa kabisa, hata naweza kumsimulia mwenzangu. Karatasi zikirudishwa nimepata 6 au 7 kati ya 15. Mwalimu wetu hutuambia tusome sana, nami nasoma. KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, ni muhula ujao. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umesema kwamba kifungu unakielewa, nami nakuamini. Mtu anayeweza kumsimulia mwenzake alichokisoma, tatizo lake haliko katika kusoma kifungu. Liko katika kusoma swali, na katika kuandika jibu. Wengi wanaopata alama kama zako wako hapo hapo ulipo: jibu wanalijua, lakini kilichofika kwenye karatasi hakijibu kilichoulizwa. Hilo linatibika ndani ya muhula mmoja ukilishughulikia kila wiki.

Tuanze na muda, maana kule kusoma mara tatu kumenitia wasiwasi. Karatasi ya pili ina alama 80 na hufanywa kwa saa mbili na nusu. Ufahamu una alama 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40 na isimujamii (lugha katika jamii) 10. Ukizigawanya dakika 150 kwa alama 80, ufahamu unapata dakika 28 hivi. Mimi huwataka wanafunzi wamalize kwa dakika 25, hizo zinazobaki wazitumie kuyapitia majibu. Wapo wanaozama katika ufahamu dakika 45 nzima kwa kuwa ndilo swali la kwanza na akili bado ina nguvu, kisha matumizi ya lugha, yenye nusu ya alama zote za karatasi, wanayaandika mbiombio msimamizi akitangaza kwamba muda unayoyoma. Soma kifungu mara mbili, na mara ya pili usome ukiwa na kazi maalumu.

Mara ya kwanza usisimame, hata ukikutana na neno gumu. Unachotaka kujua ni mwandishi anazungumzia nini na yuko upande gani. Kisha soma maswali yote hadi la mwisho kabla hujaandika chochote. Pigia mstari neno linalokuamuru (taja, eleza, thibitisha) na lile linaloonyesha swali linamhusu nani au nini. Ndipo urudi kwenye kifungu mara ya pili, na kila unapoliona jibu uandike pambizoni herufi ya swali kwa penseli. Najua baadhi ya walimu hupendekeza maswali yasomwe kwanza kabla ya kifungu. Kwa mitihani mingine njia hiyo inafaa, lakini vifungu vya KCSE huwa na maswali yanayodai uone kifungu kizima kwa pamoja, kama la kichwa au la msimamo wa mwandishi. Aliyeanza na maswali husoma akiwinda majibu madogomadogo, akamaliza bila kujua habari yenyewe inaelekea wapi.

Maelezo matupu hayatakusaidia, kwa hiyo nimekuandikia kifungu kifupi. Ni kifupi kuliko vya mtihani, lakini mitego yake ni ile ile.

"Kwa karne nyingi wakazi wa pwani waliitazama mikoko kama ghala lisilofungwa. Waliikata wapate boriti za kujengea na kuni za kupikia. Hakuna aliyejali, kwa kuwa msitu ulionekana kutokuwa na mwisho. Leo wavuvi wa maeneo yaliyokatwa miti hulazimika kwenda mbali kutafuta samaki, ilhali babu zao walitupa nyavu karibu na ufuo. Samaki wengi huzaliana na kukulia katikati ya mizizi ya mikoko; mizizi ikiondoka, nao huondoka. Baadhi ya vijiji vimeanza kupanda miche upya. Kazi hiyo haina tija ya papo kwa hapo, na wapo wanaoibeza wakidai kwamba tumbo halingoji mti ukue. Hata hivyo, asiyetaka kupanda leo atanunua samaki kesho kwa bei asiyoimudu."

Swali la kwanza: Ukataji wa mikoko umewaathiri vipi wavuvi? (alama 2)

Mwanafunzi anayefanana nawe ataandika: "Samaki wengi huzaliana na kukulia katikati ya mizizi ya mikoko, mizizi ikiondoka, nao huondoka." Amekielewa kifungu na sentensi aliyoichagua ni ya kweli. Lakini swali linauliza habari za wavuvi, naye amejibu habari za samaki. Mtahini anatafuta mvuvi katika jibu hilo na hamwoni. Ukijiuliza mwanafunzi huyu alikosa nini, utaona kwamba alifika mahali sahihi katika kifungu, akaliinua lililokuwapo jinsi lilivyo, akaliweka kwenye nafasi ya jibu. Hakuligeuza likaelekea swali. Hapo ndipo ninaposhuku kwamba alama zako nyingi zinapotelea.

Jibu lenye alama zote ni hili: "Wavuvi hulazimika kwenda mbali kutafuta samaki. Pia wamewakosa samaki waliokuwa wakipatikana karibu na ufuo kwa kuwa mahali pao pa kuzaliana pameharibiwa." Kila sentensi ina mvuvi ndani yake, na kila moja ni hoja moja kwa alama moja. Hizo alama zilizo kwenye mabano ni maelekezo pia. Ukiona alama 2, tafuta hoja mbili. Ukiambiwa ueleze mambo mawili kwa alama 4, jua kwamba kulitaja jambo hakutoshi. Kila jambo lina alama mbili, ya kulitaja na ya kulieleza. Na ukiulizwa mawili ukaandika matano, mtahini huhesabu mawili ya kwanza. Kama lililo sahihi ulilitia nafasi ya nne, umeliandika bure.

Mwingine ataongeza: "Wavuvi wamekuwa maskini na watoto wao wameacha shule." Huenda ni kweli huko kwenye vijiji vya wavuvi. Kifungu hakikusema. Maneno "kwa mujibu wa kifungu" au "ukirejelea kifungu" yanakufungia mlango wa maarifa yako ya nje, na hata yasipoandikwa, katika ufahamu chukulia kwamba yapo. Wewe unayependa insha uwe mwangalifu hapa, maana katika insha mwalimu hukusifu kwa kuyaleta ya kwako.

Swali la pili: Kwa nini baadhi ya watu hawaungi mkono upanzi wa miche? (alama 2)

Hapa wengi huandika, "Kwa sababu tumbo halingoji mti ukue." Ile ni lugha ya mafumbo, na mwenye kuinakili jinsi ilivyo hajamwonyesha mtahini kama aliifumbua. Ifumbue: "Wanaona kwamba kazi hiyo haileti faida ya haraka. Tena wana mahitaji ya sasa, kama chakula, ambayo hayawezi kusubiri miche ikue." Kila unapokutana na methali, nahau au tashbihi mahali jibu lilipo, iseme kwa maneno ya kawaida kabla ya kuiandika.

Swali la tatu: Mwandishi ana msimamo gani kuhusu upanzi wa mikoko? Thibitisha. (alama 2)

Kifungu hakisemi popote "mimi naunga mkono". Utajuaje? Kwa viunganishi. Tazama yale maneno mawili, "hata hivyo". Kabla yake mwandishi anasimulia ya wanaobeza. Baada yake anasema ya moyoni mwake. Viunganishi kama hata hivyo, ilhali, licha ya, walakini, seuze na minghairi ya ndivyo vinavyokuonyesha mwandishi amegeukia wapi. Wanafunzi huvisoma kama vijineno vya kupita, wakishughulika na majina na vitenzi. Mimi ningekushauri uvizungushie duara kila unapofanya zoezi, mpaka jicho lako lizoee kusimama hapo. Jibu basi ni: "Mwandishi anaunga mkono upanzi wa mikoko. Anaonya kwamba asiyepanda sasa atakuja kununua samaki kwa bei ghali." Sentensi ya kwanza ni msimamo, ya pili ni ushahidi. "Thibitisha" inadai ushahidi, na asiyeutoa anapata nusu ya alama hata akiwa sahihi kabisa.

Swali la nne: Kipe kifungu hiki kichwa mwafaka. (alama 1)

"Mikoko" ni pana mno. "Athari za kukata mikoko" kinaishia katikati ya kifungu, kabla ya watu kuanza kupanda. "Umuhimu wa kuhifadhi mikoko" kinaichukua habari yote, ubaya wa kukata na haja ya kupanda. Kipime kichwa chako kwa kuuliza: je, sentensi ya mwisho ya kifungu ingekaa chini yake? Maneno manne hadi sita yanatosha. Swali hili lijibu mwisho, hata kama limetangulia.

Swali la tano: Eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumika katika kifungu: (i) ghala lisilofungwa (ii) wanaoibeza. (alama 2)

Kwa (i), mwanafunzi anayelijua neno "ghala" atasema ni stoo isiyo na kufuli. Swali limesema "kama yalivyotumika", na hapa hakuna stoo. Angalia jirani: sentensi mbili mbele kuna "hakuna aliyejali, kwa kuwa msitu ulionekana kutokuwa na mwisho". Maana yake, basi, ni mali ambayo kila mtu anaichukua apendavyo bila kizuizi. Mara nyingi maana ya neno gumu imelala sentensi moja au mbili kabla au baada, na mtunga swali anajua hivyo. Angekuwa hakuachia ufunguo asingekuuliza.

Kwa (ii), wengi wataandika "dharau" au "kudharau". Wameijua maana, lakini neno walilopewa ni "wanaoibeza", lenye nafsi, wakati na kirejeshi. Lijibu kwa umbo lile lile: wanaoidharau. Jaribio langu ni kulirudisha jibu ndani ya sentensi na kuisoma kwa sauti ya chini. "Wapo wanaoidharau wakidai kwamba..." inakwenda sawa. "Wapo kudharau wakidai kwamba..." haiendi, na sikio lako litakuambia. Neno ukilikosa kabisa, livue viambishi. "Asiyoimudu" ukiondoa a-, -si-, -yo- na -i- unabaki na "mudu", na mudu huenda umeisikia mara nyingi, kama kumudu karo. Maneno marefu ya Kiswahili huogopesha kwa urefu wake, kumbe mzizi wenyewe unaufahamu.

Sasa tuje kwenye lugha ya majibu, na hapa sina budi kukusemesha kwa ukali kidogo. Chukua sentensi hii: "Wavuvi wanaendanga mbali juu samaki zimepotea." Hoja iko. Lakini "wanaendanga" ni lugha ya mazungumzo, andika "huenda". "Juu" si kiunganishi cha sababu. Andika "kwa sababu" au "kwa kuwa". Na samaki ni kiumbe hai, kwa hiyo "wamepotea". Makosa matatu katika maneno sita. Kwa kawaida mwongozo wa kusahihisha huondoa nusu alama kwa kosa la sarufi, na makosa ya hijai (tahajia) nayo yana adhabu yake, hivyo mwanafunzi anapata hoja kwa mkono mmoja na kuipoteza kwa mwingine. Ukipata 7 kwa 15, inawezekana kabisa kwamba mbili au tatu ulizipata kisha zikakatwa. Angalia karatasi zako za zamani uone.

Makosa ya hijai ninayokutana nayo kila mara ni ya kuunganisha maneno yanayotengana, kama "kwasababu" na "ilikupata" badala ya "kwa sababu" na "ili kupata", kisha sauti zinazochanganywa: r na l, dh na th, g na gh, na herufi h inayosahauliwa au kuongezwa pasipotakiwa. Kila mmoja wetu ana sauti zinazomsumbua kulingana na lugha aliyoanza nayo nyumbani. Zako unazijua au mwalimu wako anazijua. Tenga ukurasa wa mwisho wa daftari, kila kosa ulilokatwa uliandike hapo pamoja na sahihi yake, na kabla ya kila zoezi upitie ukurasa huo.

Kuhusu mazoezi, fanya vifungu viwili kwa wiki. Usifanye vitano kwa siku moja kama wafanyavyo wengine ule mwezi wa mwisho, maana kinachofundisha ni kule kusahihisha, na hakuna anayesahihisha vitano kwa makini. Tumia karatasi za KCSE za miaka iliyopita. Weka saa mezani, dakika 25, andika kwenye nafasi zenye ukubwa sawa na za mtihani, kwa kuwa majibu huandikwa katika kijitabu hicho hicho cha maswali na ile mistari uliyoachiwa inakuonyesha jibu linatarajiwa kuwa refu kiasi gani. Kisha jisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Kando ya kila alama uliyokosa andika sababu yake: sikulisoma swali, nilinakili, sikulijua neno, sarufi au hijai. Baada ya vifungu vinne hivi, sababu moja itakuwa imejitokeza kuliko nyingine zote. Hiyo ndiyo ya kuishughulikia wiki zinazofuata, na nyingine uziache kwanza.

Kuna zoezi jingine ninalolipenda kuliko yote, na wanafunzi hulionea uvivu mpaka walijaribu. Tafuta makala au tahariri katika gazeti la Taifa Leo. Si lazima iwe ya leo. Nakala ya mwezi uliopita kutoka maktaba ya shule inafaa vilevile. Wewe na mwenzako kila mmoja achukue makala yake, atunge maswali matano, ayape alama, na aandike mwongozo wa majibu. Mbadilishane, mjibu, kila mmoja amsahihishe mwenzake kwa mwongozo aliouandika. Mtabishana, na ubishi huo una faida kubwa. Ukishatunga swali lenye "thibitisha" na ukamnyima mwenzako alama kwa kukosa ushahidi, hutaisahau siku ya mtihani wako. Katika makala hiyo hiyo teua maneno matatu usiyoyajua, uyatafute kwenye kamusi, utungie kila moja sentensi. Matatu tu. Hapa mwalimu wenu yuko sahihi anapowahimiza kusoma sana: msamiati hauna njia ya mkato.

Hukuniuliza kuhusu ufupisho, lakini ni ndugu wa ufahamu, na tabia ya kunakili huua alama huko zaidi. Andika matayarisho, orodhesha hoja kwa maneno yako, kisha nakala safi kwa mtiririko, na uhesabu maneno. Ukipewa maneno 60 ukaandika 90, yanayozidi hayasomwi, hata kama ndiyo yaliyobeba hoja nzuri.

Neno moja kuhusu miongozo ya majibu. Mingi inayosambazwa mitandaoni imeandikwa na walimu wa shule mbalimbali, haikutoka kwa baraza la mitihani, na baadhi ina makosa. Ukikuta jibu lako limekataliwa na wewe bado unaliona sahihi, usilifute upesi na usikasirike. Ipigie mstari sentensi ya kifungu inayoliunga mkono, peleka karatasi kwa mwalimu wako wa Kiswahili, na umwombe akuonyeshe ni neno gani katika swali ambalo jibu lako halikulijibu. Akiliona, utakuwa umejifunza kulisoma swali. Asipoliona, liache jibu lako kama lilivyo na uendelee na kifungu kinachofuata.